Tangi la Choo Wakati wa Matanga

Jumatatu, 6 Oktoba
Mama mkwe amefariki Kapsabet. Mke wangu Jelagat hawezi kusafiri, karatasi zake bado ziko uhamiaji. Atamzika mamake kwa simu, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi ya hapa Gaithersburg, Amerika. Watu wa kanisa wanajaa sebuleni kila jioni kuomba. Choo kimepakana na sebule. Ukivuta maji, tangi linajaa, kisha halijui kunyamaza. Linafoka dakika ishirini! Leo Mama Wamaitha, mwenyekiti wa kina mama, aliomba kwa sauti ya kushindana nalo. Akashindwa.

Gahungu, yule Mrundi anayekarabati nyumba za kupanga kule Landover, alininong'oneza kwamba ni vali ya maji tu, nimpe dakika tano. Nikakataa. Tangu arekebishe bomba la kanisa wanamwita Fundi. Na mama mkwe amekufa akijua mimi ni injinia wa maji. Ukweli, nilikuwa nikisoma mita za maji za watu Kericho miaka sita. Lakini mita ni maji.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeshusha boya la ndani ya tangi ili maji yakatike mapema. Yanaishia nusu, ila kelele haikatiki. Tena tangi likibaki nusu, choo hakisafiki, inabidi mtu avute mara mbili. Kelele sasa ni dakika arobaini. Mchungaji alisimamisha mahubiri akauliza kama kuna mvua.

Alhamisi, 9 Oktoba
Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nimefunga koki ya ukutani nusu. Kelele imepungua! Ila tangi linachukua karibu saa nzima kujaa, na wageni ni thelathini. Nikaweka ndoo na karatasi: msivute, mwageni. Mama Wamaitha akatangaza mbele ya watu kwamba hakuja Amerika kubeba ndoo. Gahungu aliinama kama mtu anayesali. Alikuwa anacheka.

Wageni walipoondoka, Jelagat akanionyesha sinia. Amechota udongo nyuma ya nyumba. Ndugu zake watakapomwaga udongo kaburini, naye atamwaga wake, dakika hiyo hiyo. Akasema hataki kitu kingine chochote, anataka tu kuskia Mum akishuka, so please, tangi linyamaze. Machozi yalinitoka. Nampenda huyu mwanamke. Nikamwambia aniachie mimi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimeharibu.

Saa kumi na mbili kasoro, sebule imejaa. Mtu fulani akavuta choo. Kwenye simu jeneza linabebwa kuelekea kaburini, na tangi linafoka. Nikaingia, nikafunga mlango. Video niliyoitazama inasema uchafu hukwama ndani ya vali: funga koki, fungua kifuniko cha vali, suuza. Nikazungusha koki. Nikafungua kifuniko.

Koki nilikuwa nimeizungusha upande wa kuifungua. Maji yalipiga dari! Nikapiga ukemi. Mungu anisamehe, nilipiga ukemi kweli. Wote wakakimbilia chooni wakidhani nimeanguka, Jelagat mbele yao, sinia mkononi. Gahungu akapenya katikati yao, akafunga koki kwa vidole viwili. Ndani ya vali akatoa chembe ya mchanga, ndogo kuliko punje ya mtama. Akasuuza, akabadilisha mpira wa vali kwa mwingine aliokuja nao mfukoni. Dakika tano.

Tuliporudi kwenye simu, vijana wa Kapsabet walikuwa tayari wanajaza kaburi kwa sepetu. Jelagat alisimama na sinia lake. Udongo ulikuwa umelowa ukawa tope. Tangi sasa lilikuwa kimya kabisa.

Jumapili, 12 Oktoba
Jelagat hajalia tangu jana, na hilo linaniumiza kuliko kama angelia. Kaka yake ametuma video ya mazishi. Amekataa kuitazama. Anasema hiyo ni ya watu ambao hawakuwepo, na yeye alitaka kuwepo. Kisha akaniomba, kwa upole mno, nisiguse tena kitu chochote cha maji katika nyumba hii. Nikaapa, mkono juu ya Biblia yake. Nilimaanisha kwa moyo wote.

Jioni nimesikia mashine ya kuosha vyombo ikikoroma. Nimefikiri sana. Ile ina waya na plagi, kwa hiyo ni kitu cha umeme. Kesho Jelagat akienda kazini nitaifungua. Gahungu asiambiwe.