Blaindi ya Dirisha la Katikati

Jamani, leo nimejivua nguo hadharani, na nguo zote nilikuwa nimezivaa. Acha niandike mwenyewe kabla majirani wa hapa Kasulu hawajawasimulia wao, tena kwa kutia chumvi. (Bodaboda mmoja ameshaondoka hapa mbio, na najua anaelekea kijiweni.)

Kwa wasionijua: naitwa Devota, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa Ezekieli, huu mwaka wa pili. Wiki iliyopita tumehamia kwenye nyumba yetu. Nyumba YETU! Madirisha ya alumini, vioo vikubwa, sebule inaonekana mpaka barabarani. Raha tupu, isipokuwa hayakuwa na pazia hata moja, na kesho mama mkwe alitarajiwa kutoka Mabamba kuiona kwa mara ya kwanza.

Huyu mama ndiye mtihani wangu. Tangu harusi hajalala kwangu hata siku moja. Alikuja mara moja tulipokuwa tumepanga, akakaa kwenye ncha ya kiti, akalitazama pazia langu la kitenge, akasema, "Hm." Halafu akaomba asindikizwe stendi. Ile "Hm" nimeishi nayo mwaka mzima. Safari hii nilitaka kitu kimoja tu: aingie, aipende nyumba, alale. Makuu mimi sina.

Ezekieli anafanya kazi Kibondo, kwa hiyo tulibishana kwa simu.

"Nunua kitambaa cha kawaida. Mama anapenda maua."

"Maua kwenye madirisha ya alumini? Mimi nataka blaindi!"

Kama hamzijui, blaindi ni yale mapazia ya kisasa, ya kuvuta kwa kamba pembeni. Mimi nimeziangalia kwenye simu miezi mitatu. Kuna usiku nimeziota.

Basi leo Jumamosi asubuhi nikawa mteja wa kwanza dukani kwa Mzee Nassoro. Ni mzee wa pwani, amekaa hapa Kasulu miaka mingi lakini ulimi wake haujahama. Nikachanganyikiwa mbele ya zile rangi. Hii nzuri! Ile nzuri! Akaniangalia navyohangaika, akacheka.

"Wallahi mwanangu, pazia halichaguliwi dukani. Huchaguliwa nyumbani, mbele ya dirisha lake. Chukua sampuli tatu, fundi atakutundikia, kesho uniambie umependa ipi."

Nusura nimkumbatie. (Nikakumbuka ni mzee wa watu.)

Saa tano fundi akawa amemaliza. Dirisha la kushoto, ile ya vipande virefu vya wima, kama ofisini kwa ofisa elimu. La kulia, ile wanayoiita pundamilia, mstari mzito, mstari mwepesi, ukivuta kamba inabadilika. Na dirisha la katikati, lile kubwa kuliko yote, ile ya kuviringisha, kitambaa chembamba chenye vitundu vidogo sana. Hii ndiyo Mzee Nassoro aliyoisifia zaidi. Ukiwa ndani unamwona kila anayepita, na yeye hakuoni!

Mimi ni mwalimu, siamini mpaka nijaribu. Nikaweka ndoo nyekundu juu ya meza, nikatoka nje kwenye jua, nikabandika uso kwenye kioo cha katikati. Sikuona ndoo. Sikuona meza. Nikaingia ndani, nikamwona jirani anaanika nguo zake, mpaka rangi ya vibanio! Nikaruka ruka peke yangu sebuleni.

Kuelekea saa nane wingu likatanda. Wingu la huku kwetu mnalijua, likiamua limeamua. Sebule ikawa na giza, nikawasha taa zote, mpaka zile za kwenye dari. (Nyumba mpya, taa mpya, nijinyime kwa nini?) Mvua ikashuka. Bati likaanza kupiga kelele kiasi kwamba nikiongea sijisikii.

Sasa hapo ndipo shetani alipopata kiti.

Nilikuwa nazunguka kati ya blaindi tatu, nashindwa kuchagua. Nikajiuliza, hivi mama mkwe angechagua ipi? Nikajijibu, si nimuulize? Nikachukua mto wa kochi nikaufunga kiunoni kwa nyuma, juu yake nikakaza kanga. (Mama mkwe amejaliwa. Sisemi zaidi.) Nikachukua mpini wa ufagio ukawa fimbo. Nikainama mgongo, nikaanza kuchechemea, maana mama ana mguu unaomsumbua. Nikaenda dirisha la kushoto.

"Hm! Haya ni mapazia au mbavu za ng'ombe?"

Nikachechemea mpaka la kulia.

"Hm! Mistari yote hii, mwanangu amefungiwa zizini?"

Nikafika la katikati, nikasimama katikati kabisa, chini ya taa. Nikapitisha kidole kwenye ubao wa dirisha kutafuta vumbi. Nikakinusa kidole. Nikatikisa kichwa. Kisha nikaishika ile blaindi, na uso ukabadilika.

"Hii ndiyo! Ezekieli ameoa! Mkwe huyu ana akili kuliko ukoo mzima!"

Nikajibariki kichwani kwa mkono wangu mwenyewe. Nikacheza kidogo kwa furaha, mto nao ukacheza. Kisha nikarudia yote tangu dirisha la kwanza, kwa sababu mara ya kwanza mto haukukaa sawa. Nje niliona weusi tu. Nikasema ni mvua hiyo.

Mvua ikakatika ghafla, kama mtu aliyefunga bomba. Na katika ule ukimya nikasikia makofi.

Huku kwetu Uha, kwa Waha, makofi si kitu cha kushangaza. Ukikutana na mkubwa wako unainama na kupiga makofi ya taratibu, ndiyo heshima yenyewe. Nikajua kuna mgeni mlangoni anasalimia. Nikaweka ufagio pembeni (nikajipongeza kwa kukumbuka), nikafungua mlango kwa tabasamu.

Baraza lilikuwa limejaa watu!

Mvua ikinyesha baraza ni la kila mpita njia, hakuna anayefukuzwa, na mimi nilisahau kwamba sasa nami nina baraza. Walikuwepo bodaboda wawili. Alikuwepo mama anayeuza maparachichi, na beseni lake. Alikuwepo mwenyekiti wa mtaa, mwavuli umekunjwa kwapani. Na mbele yao wote, wamempisha akae kwenye kigoda cha muuza maparachichi, fimbo mkononi, kuku kwenye kikapu, alikaa mama mkwe.

Alipata lifti ya lori la mpwa wake, akaja siku moja kabla.

Akili ilikimbia, lakini mwili wa mtu aliyelelewa vizuri haukimbii. Nikainama. Nikaanza kupiga makofi ya heshima. Kupiga makofi kunataka mikono miwili, na kuinama kunalegeza kanga. Mto ukachomoka. Ukaanguka, pu! Ukabiringika mpaka miguuni pa mama mkwe.

Mwenyekiti akakohoa.

"Mwalimu, sisi tulikuwa tunajikinga na mvua tu."

"Hodi tulipiga sana," akasema mama wa maparachichi, anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Bati likatushinda. Halafu wewe ukaanza."

"Mmeona... tangu wapi?" nikauliza.

"Tangu unafunga mto."

Mama mkwe akasimama. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, kisha akauangalia mto. Nikajua ndoa yangu imeishia kwenye sakafu ya baraza nililolipiga deki mwenyewe asubuhi. Akanyanyua fimbo, akaigonga taratibu kwenye paja lake.

"Mguu unaoniuma ni huu wa kulia," akasema. "Wewe umechechemea wa kushoto."

Akanipita, akaingia ndani. Bodaboda mmoja akakaa chini kabisa kwa kucheka. (Ndiye huyo wa kijiweni.)

Nikakimbilia jikoni, nikampigia Mzee Nassoro kwa hasira.

"Mzee! Ulisema wa nje hawanioni!"

"Uliwasha taa?"

"Niliwasha."

"Aah, mwanangu. Nje kukiwa na giza na ndani kuna taa, mambo yanageuka. Wao wanakuona, wewe huwaoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza?"

Nikakata simu nikitaka kulia. Nimejenga kwa mwaka mzima, nimebomoa kwa dakika kumi. Nilishajiona narudi stendi kumsindikiza tena, safari hii na kuku wake. Ndipo nikasikia naitwa sebuleni.

"Mwalimu! Toka nje. Funga mlango."

"Mama, naomba unisamehe..."

"Nimesema toka nje."

Nikatoka. Nikasimama barazani na wale wale, kichwa chini, nafukuzwa nyumbani kwangu na watu wanaangalia. Wingu lilikuwa bado limetanda. Mama wa maparachichi akanigusa bega.

"Angalia dirishani!"

Nikanyanyua macho. Katikati ya ile blaindi, chini ya taa zangu, mama mkwe alikuwa ameweka fimbo chini. Alijinyoosha mgongo. Kiganja sikioni, anaongea na simu isiyokuwepo, anazungusha macho. Akatembea haraka haraka kwa vidole kama aliyevaa viatu virefu. Akapeleka uso karibu na blaindi ya kushoto, akashika mashavu. Akakimbilia ya kulia, akashika mashavu. Akaruka ruka, na mguu wake mbovu!

Yule dirishani alikuwa mimi mtupu. Mwenyekiti wa mtaa alitupa mwavuli. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, nacheka huku machozi yananitoka.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa anahema, uso mkavu kama kawaida yake.

"Sasa tumelingana," akasema. "Haya, nionyeshe pa kulala."

Nimemtandikia shuka mpya. Ya katikati tunainunua, ameichagua mwenyewe, ila nyuma yake tutaweka kitambaa kizito cha maua. Na wewe unayejiandaa kunicheka, sikukatazi, ila kwanza washa taa zako, utoke nje, uangalie dirisha lako.