Mwongo wa Deni la Taifa

Jumatatu, 9 Juni
Waziri wa Fedha ametangaza saa nne asubuhi kwamba deni la taifa limepungua. Kiongozi wa upinzani ametangaza saa nane mchana kwamba limepanda. Deni ni hilo hilo, mwaka ni huo huo. Mmoja anatupiga fiksi! Mhariri wetu wa redio anataka mwongo huyo atajwe hewani kabla ya Ijumaa. Atakayempata atapewa meza mpya ya kuhakiki kauli za wanasiasa. Mimi mwaka wa sita huu nasoma matangazo ya vitu vilivyopotea. Leo: kitambulisho, miwani, mbuzi wawili. Meza ni yangu. Nimemwambia mke wangu aanze kuwaarifu ndugu zake. Amesema atasubiri kwanza.

Jumanne, 10 Juni
Mpinzani wangu ni mmoja tu: Bi Desimali, mwenzangu wa chumba cha habari. Ameazima vitabu vya bajeti vya miaka miwili, anapita mstari kwa mstari na rula mkononi. Kazi ya punda! Mimi nina mbinu. Mwongo hukauka koo. Nimekaa safu ya mbele kwenye mikutano yao yote miwili na waandishi, nikihesabu maji. Waziri: glasi nne. Kiongozi wa upinzani: glasi nne. Sare. Fundi mitambo ameuliza kama nitahakiki na safari zao za chooni. Ananiita Profesa wa Maji. Chumba kizima kimecheka. Wivu huo.

Jumatano, 11 Juni
Ya nini kuchimba kisima na jirani ana bomba? Bi Desimali alipotoka kwenda kula, nilipita mezani kwake kutafuta stepla. Macho hayana pazia. Karatasi ya juu: mwaka jana deni bilioni 600, mwaka huu bilioni 638. Limepanda! Waziri kwisha! Palikuwa na ukurasa wa pili, lakini nilisikia viatu vyake kwenye korido. Nimeomba dakika tano za kesho asubuhi. Mhariri ameuliza kama nina hakika. Nimesema hakika ninayo, na ya kugawia majirani.

Alhamisi, 12 Juni
Saa moja na dakika kumi nimemtaja Waziri hewani kuwa mwongo. Saa moja na robo simu ikalia. Msemaji wake hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza kwa upole kama ndugu mtangazaji alilinganisha deni na pato la taifa, yaani thamani ya yote yanayozalishwa nchini. Nilijibu kwamba hayo tutayajadili baadaye.

Bi Desimali akaja na ukurasa wa pili. Pato limekua kutoka bilioni 1,000 hadi 1,100. Kwa hiyo deni limetoka asilimia 60 ya pato hadi 58. Upinzani ulihesabu fedha, Waziri akahesabu asilimia. Wote wamesema kweli, kila mmoja akaficha nusu inayomuuma. Nikamuuliza, sasa mwongo ni nani. Mhariri akasema wiki hii hewani kumepita mwongo mmoja tu, na mshahara wake anausaini yeye.

Ijumaa, 13 Juni
Nimesoma masahihisho yangu mwenyewe, mara mbili, kwa amri. Halafu mwavuli mmoja na funguo za pikipiki. Bi Desimali amepewa meza. Ina droo tatu! Mke wangu amesema ndugu zake wananisalimu sana, walikuwa wanasikiliza. Mwanya mmoja umebaki: Jumatatu bajeti mpya inasomwa bungeni, na meza mpya itahitaji msaidizi. Bi Desimali mwenyewe amesema atamchukua atakayeisoma bajeti vizuri.

Jumamosi, 14 Juni
Nimejichunguza bila huruma. Kosa nimeliona: nilisoma ukurasa wa kwanza, kumbe ukweli huwekwa mwishoni. Sirudii tena! Kitabu cha bajeti tumeshagawiwa, kurasa 412. Nimesoma ule wa 412 peke yake. Una mistari sita, mmoja wao jina la mpiga chapa. Kichwa cha habari nimeshaandika, kikali. Waziri anasoma bajeti Jumatatu saa kumi jioni. Nimeomba kumkanusha saa tisa na nusu.