Mimi, Seli ya Mbele

Machi 4, Jumatatu

Nyumba kimya. Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Kisa: cherehani. Wengine huachwa kwa ulevi, mimi nimeachwa kwa usafi. Niliiona cherehani yake imejaa mafuta meusi, nikaihurumia. Nikafungua kichwa chake, nikakibeba mpaka kazini, nikakitia kwenye mtungi wa mvuke tunamochemshia vyombo vya maabara. Humo hakitoki kijidudu kilicho hai. Kichwa kilitoka kinang'aa. Ila kikagoma kuzunguka.

Mke wangu ni fundi nguo. Hakunigombeza. Alikunja nguo za wateja, akaondoka. Angenigombeza ningepata cha kujibu. Futi yake ya kupimia nguo bado inaning'inia msumarini. Sijaigusa.

Leo nimeona makubwa. Kazi yangu ni kuosha vyombo vya maabara, yaani bila mimi sayansi yote ingekuwa na ukoko. Daktari, mwanamke mfupi anayetembea kama amechelewa gari, ameniita nichungulie kwenye hadubini. Seli, amesema, za aina ile inayofunika ngozi nje na kutandika matumbo ndani. Zimeshikana kama vigae. Amezikwaruza katikati, pengo likabaki. Halafu akanionyesha filamu iliyoharakishwa: seli zote zinasogea pamoja kwenda kuziba pengo. Hakuna anayepiga filimbi.

Nikauliza mkubwa wao nani. Akasema hakuna mkubwa. Iliyo ukingoni inatoa mguu yenyewe kwanza, inavuta jirani yake. Ndani ya yule jirani kuna protini inakaa pale walipogusana, kazi yake ni breki. Ikisikia mvuto inaondoka pale, na protini nyingine iliyokuwa imebanwa inapata nafasi ya kusukuma mguu nje, upande uleule wa mvuto. Na huyo naye anavuta aliye nyuma yake. Mpaka kundi zima linatembea. Akanitajia majina ya protini hizo, kama majina ya dawa za kikohozi. Mimi nimeziita Breki na Mguu Nje.

Nimerudi nyumbani natabasamu peke yangu. Mpango upo.

Machi 5, Jumanne

Mke wangu simvuti moja kwa moja. Nikipiga simu anajibu "sawa" na "haya" tu. Ana breki za lori. Nitavuta jirani wa jirani. Seli ya mbele: mimi, nani mwingine. Ya pili: mama mkwe, anayeishi kwa binti yake mkubwa. Ya tatu: huyo binti, shemeji yangu, ambaye hawezi kutia chumvi kwenye sufuria bila kumwuliza mama yake. Ya nne: mke wangu, asiyependa kulala nyumba tupu. Wote wako nyumba moja. Wameshikana kama vigae!

Nimempigia mama mkwe. Shikamoo ndefu. Nikamwambia mgongo umenikamata, hata maji ya kunywa sijui nani atanipa. Akasema anakuja kesho. Breki hiyo imetoka.

Machi 6, Jumatano

Mama mkwe amefika mapema kuliko nilivyopanga. Amenikuta juu ya paa napigilia bati. Akauliza kutoka chini kama huo mgongo unauma ukiwa ardhini tu. Nikamwambia, Mama, huku juu kuna hewa. Akatikisa kichwa, akaingia ndani. Nilidhani atageuza, lakini aliona vyombo vyangu jikoni. Kumbe mtu anayeosha vyombo vya maabara siku nzima nyumbani haoshi. Amebaki kwa huruma ya masufuria.

Kitanda ni chake. Mimi nimehamia sebuleni, kwenye mkeka, kando ya meza ya cherehani. Ukilala chini unaona vipande vya uzi vilivyonasa kwenye miguu ya meza. Bluu, njano, ule mwekundu wa nguo za kwaya. Nilikuwa nalalamika kwamba uzi unaingia kwenye soksi zangu. Leo soksi zangu ni safi kabisa. Sijafurahi.

Machi 7, Alhamisi

Ushindi wa pili. Shemeji amekuja na begi. Anasema alimpigia mama yake kuuliza habari ya chumvi, simu haikushika, akaona bora afuate. Daktari angeyaona haya angelia. Nikamweleza shemeji habari za protini. Akanijibu, shemeji yangu, wewe protini yako ipo mdomoni.

Sasa zamu ya mke wangu. Nimekaa mlangoni tangu nilipotoka kazini. Kila viatu vinavyokokota kokoto najua si vyake, yeye anakanyaga kwa wepesi, kama anaogopa kuiamsha njia. Hata hivyo nilisimama kila mara.

Baadaye akapiga simu. Moyo juu. Akanishukuru. Ndiyo, akanishukuru, kwa kuwachukua mama na dada. Nyumba imetulia, amemaliza sare za wanafunzi zilizomshinda wiki nzima. Nikamwuliza, haogopi nyumba tupu? Akasema anaanza kuizoea. Akauliza kama ninakula vizuri. Nikajibu ninakula kama mfalme. Kwa nini nilijibu hivyo?

Machi 8, Ijumaa

Nimemwuliza Daktari, kwa mfano tu, seli zikikataa kuja ni kwa nini. Akasema huenda pengo limejaa, zikibanana zinasimama. Au ile ya mbele imeachana na wenzake, na ikiachana haivuti chochote, inazurura peke yake. Akaniuliza mke wangu hajambo. Watu wa sayansi hurukia mambo.

Nimechukua lile la kwanza. Nyumba imejaa. Nimerudi na mkakati wa kuwapunguza, nikamkuta fundi wa cherehani amechuchumaa sebuleni. Mama mkwe kamwita. Mtu wa maneno machache, kucha nyeusi. Akafungua kichwa cha mashine, akanusa, akauliza kwa upole ni nani aliyekichemsha. Mama mkwe akatazama dari. Shemeji akaanza kukohoa. Nikasema inawezekana ni unyevu wa hewa. Fundi akasema hewa ya nyumba hii ina moto sana.

Machi 9, Jumamosi

Fundi amesugua kutu, amebadilisha vyuma viwili, ametia yale mafuta meusi niliyoyafukuza. Cherehani imelia. Ule mlio! Nilienda nyuma ya nyumba kukagua ukuta. Nilikagua muda mrefu.

Mama mkwe akampigia binti yake, akaisogeza simu kwenye mashine bila kusema neno. Fundi akazungusha gurudumu. Kisha mke wangu akasema kesho anakuja.

Machi 10, Jumapili

Amekuja. Amekonda kidogo, au ni macho yangu. Alikaa kwenye cherehani yake kabla ya kuvua mtandio, akashona kipande cha kitambaa kisicho cha mtu, kwenda na kurudi. Mimi nimekaa mkekani, uzi unaangukia soksi zangu. Ningekaa hapo mpaka uzee.

Mama mkwe akamwita shemeji jikoni, wakafunga mlango. Mke wangu akasimamisha gurudumu kwa kiganja, akanitazama. Alikuwa anangoja. Hapo ndipo nilipomweleza kila kitu: ukingo, pengo, Breki, Mguu Nje, na jinsi nilivyowavuta wote mmoja mmoja kwa akili yangu. Nilieleza vizuri sana, nilitumia hata vifungo kuonyesha seli. Nilipomaliza akauliza, "Umemaliza?" Nikasema kuna sehemu ya pili. Akasema basi, cherehani anaondoka nayo, kwa sababu mimi bado nafanya kazi karibu na mvuke.

Wameondoka wote watatu, cherehani katikati, wamepanga mstari kama zile seli za kwenye filamu. Mama mkwe mbele. Mlangoni mke wangu aligeuka, akaitazama ile futi pale msumarini. Mkono wake ungeifikia. Hakuichukua. Akasema, "Futi yangu naiacha. Utaniletea mwenyewe. Mikono tu na miguu, mihadhara uiache huku." Karibu acheke. Nina hakika karibu acheke.

Nimekaa nikafikiri kisayansi. Niipeleke? Mtu mwingine angekimbia nayo leo hii. Lakini tazama: nyumba sasa ni tupu kabisa, pengo kubwa kuliko yote niliyowahi kuwa nayo, na futi imo ndani yake. Yeye ndiye atakayeifuata. Seli ya mbele haitoki mahali pake.

Kesho natoa na kitanda nje, pengo lizidi.