Kwaya Iliyolima Pamba

Jumatatu, 4 Machi 1968

Mwamvua, umehamia Mikumi na umeniacha peke yangu na Fausta. Basi naapa: nitaandika kila siku, nitasema yote, hata ya kuniaibisha, kisha kurasa zote nitampa utingo wa basi akuletee.

Habari mbaya kwanza. Leo mstarini Mwalimu Mkuu, Mzee Filipo, ametangaza kwamba kipindi cha muziki kitafutwa. Sasa ni Elimu ya Kujitegemea, alisema, na hajapata kuona mtu aliyejitegemea kwa do re mi. Saa ya kuimba itakuwa saa ya kupalilia pamba ya shule. Mkaguzi anakuja Ijumaa kutoka Morogoro. Akikubali, basi tena. Hatutaimba!

Mwalimu Kasian alikuwa amesimama pembeni na kile chuma chake chenye meno mawili, anachokigonga gotini na kukisogeza sikioni ili apate sauti ya kuanzia. Alikigonga. Akasikiliza.

Wewe ulimjua mwaka jana. Mwaka huu kazi zimemzidi. Anafundisha muziki madarasa yote manne, anaongoza mchakamchaka alfajiri, anachunga ngoma zisitafunwe na panya, na mchana anasahihisha hesabu za darasa la tano kwa sababu hakuna mwingine. Anasahihisha huku anaimba. Ukipata, sauti inapanda. Ukikosa, inashuka. Watoto wa darasa la tano wanajua maksi zao kabla ya kurudishiwa madaftari, na mmoja alianza kulia leo Mwalimu alipofika besi.

Fausta anasema tukubali, pamba ni dhahabu nyeupe. Ni rahisi kwake kusema. Baba yake ni bwana shamba.

Mimi sikubali. Nina mpango! Nitamwonyesha Mkuu kwamba muziki unajenga mwili. Jioni nilimwendea Mwalimu Kasian, nikamwamkia, nikamwomba kesho mchakamchaka tukimbie kwa sauti nne, kama kwaya kamili. Alifurahi mpaka akaondoka bila kuitikia shikamoo yangu. Alifika barabarani, akakumbuka, akarudi mbio kusema marahaba.

Jumanne, 5 Machi

Nina nundu.

Tulianza vizuri sana. Sauti ya kwanza mbele, ya pili nyuma yao, kisha ya tatu, na wavulana wa besi mwisho. Vumbi, jogoo, sauti nne! Watu wa njia ya stesheni walitoka nje na miswaki mdomoni. Nilijua kabisa Mkuu atasikia.

Sasa, wimbo tuliouimba una pumziko katikati. Nawe unajua tulivyofunzwa tangu darasa la tano: Mwalimu akifunga ngumi, kila kitu kinakaa kimya, hata inzi. Basi akafunga ngumi. Sisi wa mbele tukanyamaza, na kwa heshima ya pumziko tukasimama.

Besi hawakuiona ngumi. Walikuwa bado nyuma ya kona.

Paulo wa besi alimwangukia Naanyu wa sauti ya tatu, Naanyu akaniangukia mimi, nami nikaangukia beseni la maandazi la mama mmoja aliyekuwa anajikalia zake tu. Mama yule aliuliza hivi sisi tunakimbia au tunasali. Mwalimu Kasian alimwomba radhi kwa sauti kubwa, tena na tena, maana mama yule alikuwa na sikio zito, mpaka koo likamkauka.

Fausta alichelewa mchakamchaka, kwa hiyo alikuwa safi. Alitupokea getini. "Poleni, wanamuziki," alisema. "Na hilo andazi kwenye nywele ni sauti ya ngapi?"

Mkuu alitutazama tukichechemea kuingia. Akatoa kalamu, akaandika kitu. Hiyo ni mbaya zaidi.

Jumatano, 6 Machi

Mwalimu Kasian hana sauti kabisa. Zimebaki siku mbili! Kosa ni langu, basi dawa nayo iwe yangu.

Bibi anajua dawa ya koo: tangawizi, pilipili kichaa na maji ya moto. Alisema kijiko kimoja kwa mtu mmoja. Nikafikiri: Mwalimu Kasian anafundisha madarasa manne. Vijiko vinne.

Aliinywa yote kwa adabu. Ni mtu mwenye adabu sana. Aliinua kidole kama anataka kuomba ruhusa ya kutoka, kisha akageukia ubao na kuanza kuandika do re mi huku machozi yakimchuruzika. Kipindi kizima! Yalidondoka kwenye chaki. Naanyu alinong'ona kwamba kwao hata ng'ombe akipewa dawa, hushikwa kwanza na watu watatu.

Wakati huohuo nani apite dirishani? Mkuu. Alisimama. Akatazama machozi, akatazama do re mi, akatikisa kichwa, akaenda zake kwa hatua ndogondogo kama mtu aliyetoka msibani.

Fausta alipeleka chai ofisini na alisikia yote. Mkuu alimwita Mwalimu Kasian, akamketisha, akamwambia, "Jikaze, bwana Kasian. Mwanamume hakililii kipindi." Kisha akampa leso yake mwenyewe.

Huruma imeingia moyoni mwa Mkuu! Sikuipanga, lakini imeingia!

Baadaye nikajua imeingia na kutoka. Alimwambia pia kwamba kuanzia Jumatatu jembe lake litakuwa stoo, la tatu kutoka mlangoni.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Mwamvua, nimepata!

Mvua ilikuwa inanyesha, tumejibanza barazani, Naanyu akawa anasimulia habari za kwao Msowero. Anasema kaka yake Saning'o akinywesha ng'ombe lazima awaimbie, asipoimba wanasimama tu wanatazama maji. Nikaruka juu. Ikiwa wimbo unamnywesha ng'ombe, utashindwaje kulima pamba? Mkaguzi akija kesho atakuta kwaya shambani, inaimba na kulima kwa pamoja, jembe juu, jembe chini. Muziki na kilimo ndani ya kipindi kimoja! Atafuta nini hapo?

Nilimkimbilia Mwalimu Kasian. Sauti imemrudi, lakini imerudi nyingine, nene kama ya mtu anayesemea ndani ya pipa. Alinisikiliza. Macho yakawaka. Akagonga chuma chake gotini, akasema kwa ile sauti ya pipa, "Costancia, twende tukachukue majembe."

Kwa sababu ya mvua tulifanyia mazoezi darasani. Majembe ishirini na tano, tunalima hewa! Kwenye so jembe juu, kwenye do jembe chini, mwisho wa kila mstari wa wimbo hatua moja mbele. Mwalimu alisisitiza jambo moja tu: macho kwenye fimbo yake ya kuongozea, daima, maana anayetazama jembe atapoteza mdundo. Paulo alitazama jembe mara moja, akapoteza mdundo na kipande cha dawati.

Fausta, ambaye hata kwaya hayumo, akainua mkono. Alisema baba yake hufundisha kwamba mkulima hutazama jembe lake. Nikamjibu kwamba baba yake ni bwana shamba, si bwana muziki. Darasa zima likacheka! Hata Mwalimu alikohoa ili asicheke. Nimekuwa na furaha mchana kutwa. Chakula cha mchana kilikuwa maharage yenye mawe na nilikiona kitamu.

Mwalimu amenikabidhi kazi ya kupanga mistari ya kwaya shambani. Mimi! Nitainyoosha mpaka Mkaguzi ashangae.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Niliapa kusema yote. Haya.

Mvua ilikuwa imekatika, udongo laini, anga imeoshwa mpaka milima inaonekana karibu. Pamba imefika urefu wa kiganja. Majani mawilimawili, mabichi, yamesimama kama watoto wa darasa la kwanza. Magugu yapo mengi katikati.

Nilitafuta namna ya kunyoosha mistari ya kwaya. Nikaona shambani tayari kuna mistari, tena imenyooka kwa kamba. Nikampanga kila mwimbaji juu ya mstari wake. Ilipendeza!

Umeelewa, Mwamvua? Mistari ile ilikuwa ya pamba.

Mkaguzi alifika kwa Landrova akiwa na Mkuu na baba yake Fausta. Ni mnene, mpole, ana mwavuli mweusi. Tukamwamkia kwa pamoja, akaitikia marahaba kwa tabasamu. Mwalimu Kasian akagonga chuma. Tukaanza.

Wallahi tuliimba. Naapa kama wewe ingawa mimi ni Mkristo. Sauti ya kwanza ilipanda kama moshi asubuhi isiyo na upepo. Besi wakaja chini yake. Majembe ishirini na tano yakashuka kwa pigo moja, puu! Mkaguzi alifumba macho. Aliutingisha mwavuli taratibu, kama fimbo ya kuongozea kwaya. Nikajisemea, Costancia, umekiokoa kipindi.

Macho yetu yalikuwa kwenye fimbo. Daima, kama tulivyoagizwa.

Ubeti wa pili, Mkuu akaanza kupunga mikono. Mwalimu Kasian akamwona, uso ukamng'aa. Akadhani Mkuu amenogewa, anataka kasi! Akaongeza. Puu! Puu! Mkuu akapunga mikono yote miwili na kurukaruka. Mwalimu akaongeza tena. Baba yake Fausta akakimbia kuelekea kwetu akipiga kelele, "Pamba! Pamba!" nasi tukadhani ni kiitikio kipya, tukakiitikia. Kwa sauti nne! "Pambaaa!" Kiliingia vizuri sana, Mwamvua, kama kilitungwa.

Tulimaliza mwisho wa shamba. Mkaguzi alipiga makofi kabla hajafumbua macho.

Kisha akafumbua.

Hakuna mche uliobaki katika mistari ishirini na mitano. Magugu yote yalikuwa salama. Yalikuwa katikati ya mistari, hatukuyagusa hata moja.

Naanyu alisema polepole, "Sasa ng'ombe wangekunywa."

Jumamosi, 9 Machi

Nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu Kasian kuomba radhi. Nilikuta ngoma za shule zimepangwa mlangoni, tayari kurudishwa, naye anazifuta vumbi moja moja, kila moja akiipiga kidogo kwa kidole kama anayeaga.

Nikapiga magoti. Nikasema mimi ndiye niliyepanga mistari, na mimi ndiye wa vijiko vinne, na mimi ndiye wa mchakamchaka. Nikalia mpaka nikapata kwikwi.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwa masikitiko makubwa kwamba kuna jambo ambalo hakulala kwa ajili yake. Nikajikaza. Akasema, "Ubeti wa tatu sauti ya pili ilishuka nusu, na ninaamini kwamba ni wewe, Costancia."

Ndiyo lawama yote niliyopewa! Akagonga chuma, tukaurudia ubeti wa tatu pale mlangoni mpaka nikaupata. Mke wake akatoka jikoni na mwiko mkononi akatuimbia sauti ya tatu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha na aibu, sijui ipi zaidi. Kama Jumatatu itamnyang'anya mtu yule kipindi, basi Jumatatu haina haki.

Jumatatu, 11 Machi

Mstarini. Mkuu alisimama mbele. Baba yake Fausta alikuwepo. Mwalimu Kasian alivaa shati lake la Pasaka.

Mkuu alisema Mkaguzi ametoa uamuzi. Alisema katika miaka yake yote ya kazi Mkaguzi hajasikia kwaya ya shule iliyoimba vile, wala hajaona watu waliomaliza shamba kwa muda mfupi vile, kwa maana zote za kumaliza. Kwa hiyo ameagiza kwaya isikanyage tena shamba la pamba mpaka pamba iwe imevunwa, imepimwa na imepakiwa kwenye treni. Wakati wenzao wanapanda upya na kupalilia, wanakwaya wawe darasani, mlango umefungwa, wanaimba.

Kipindi kimebaki! Si kimebaki tu, vimekuwa viwili kwa wiki!

Nilipiga vigelegele mstarini. Nimeadhibiwa kufagia uwanja, nikafagia huku naimba. Mwalimu Kasian alikigonga kile chuma gotini mara nyingi mno, bila sababu yoyote, kisha akakipangusa kwa leso ya Mkuu. Fausta alinijia akiwa na jembe begani na uso umekunjamana. Alisema kila mtu shuleni anajua ni bahati tu. Bahati! Nani alinyoosha ile mistari?

Kwa kweli, Mwamvua, nimekaa nimefikiri na naona mipango yangu yote ilikuwa mizuri tangu mwanzo. Ilihitaji subira tu.

Sasa jambo la mwisho, na utingo ananisubiri. Mkuu amesema kila mtu lazima ajitegemee, hata kwaya, kwa hiyo tumepewa mradi wetu: mizinga mitatu ya nyuki nyuma ya shule. Alisema angalau nyuki hawang'oleki. Nilitazama ile mizinga wakati nafagia. Nyuki wenyewe wanavuma, tena wote kwa sauti moja, na hakuna aliyewahi kuwafundisha sauti ya pili! Nimemshauri Mwalimu Kasian tufanyie mazoezi palepale, karibu kabisa, kwaya nzima pamoja na ngoma, ili wazoee na asali iwe nyingi. Macho yamemwaka. Ni Alhamisi.

Baba yako anaishi porini huko Mikumi, nyuki anawajua. Muulize upesi, unijibu kwa basi hilihili likigeuza: nyuki hupenda zaidi wimbo wa polepole, au wa kupiga ngoma kwa nguvu?