Mbolea ya Kaya Maskini

Jumatatu, 3 Machi 2025
Keshokutwa kamati ya mbolea ya bure inapita kukagua nyumba. Wanatafuta maskini. Akili yangu imefanya kazi kabla ya chai. Niliishia darasa la sita, lakini la sita lile la zamani. Mdogo wangu Beatha ni mjane, kibanda chake cha udongo. Nimemwambia tubadilishane nyumba siku moja. Mimi nionekane fukara, yeye apumzike kwangu kwenye bati. Mke wangu atakuwa gulioni Lukozi. Beatha akauliza, na jina lake je? Bila mbolea viazi vyake vya bondeni havitoki. Nikamwambia limo kwenye orodha tangu mwaka jana, halitoki. Niliwahi kumfukuza chui kule Magamba kwa mwavuli, sembuse kamati.

Jumatano, 5 Machi
Koti lenye matundu. Kikohozi safi. Mtendaji wa kijiji akaomba maji ya kunywa. Nikasaka kikombe kibanda kizima, sikukiona. Akauliza naishi humu tangu lini. Tangu nizaliwe, nikasema. Anord, mwenyekiti wa kitongoji, akacheka mpaka akashika ukuta. Akauliza ng'ombe wangu kule juu anakamuliwa na nani. Nikakatwa kwenye orodha.
Wakapanda kwangu. Wakamkuta Beatha kakaa kwenye kochi. Wakaandika: mjane, bati, kochi, ng'ombe. Akakatwa naye.

Ijumaa, 7 Machi
Orodha imebandikwa. Nafasi ya Beatha kapewa Yassir, mwenye Fuso mbili, shemeji yake Anord. Eti walikagua banda lake la kuni. Beatha kaenda ofisini kueleza. Kaambiwa orodha imegongwa muhuri, imeshuka wilayani, masahihisho mwakani. Akauliza mpaka mwakani atakula nini. Kaambiwa ofisi inafungwa. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua imeshika. Beatha kamkodishia Yassir shamba lake la bondeni, misimu mitatu. Leo nimemkuta Beatha humo humo anapanda viazi, kibarua, kwa mbolea iliyokuwa yake. Nikapita. Hakunipa shikamoo. Hajawahi kuninyima tangu tuko wadogo.
Nimemsamehe. Ana uchovu.
Mwezi ujao wanaandikisha wajane, bima ya afya ya bure, mjane mmoja kila ukoo. Nimemwambia mke wangu aanze kujizoeza kulia. Mimi nitakwenda Malindi, nikae marehemu wiki moja. Beatha atasubiri awamu nyingine. Yeye amezoea.