Naomba Gari Lililokwisha Kuharibika

Kabeza, Jumapili mchana

Kwako Mjomba Mutsinzi,

Shikamoo, na pole na vikao vya huko Kimihurura. Nakuandikia kwa sababu nikikaa mbele yako sauti yangu hushukia tumboni, nawe huniuliza "Unasemaje?" mpaka nasahau nilichotaka kusema. Kwenye karatasi huwezi kuniuliza hivyo.

Kwanza nakushukuru tena kwa zawadi uliyonipa nilipomaliza sekondari: lile gari dogo jekundu la rimoti, lenye injini ya kweli inayokunywa mafuta na kutoa moshi. Siku ile ulilizungusha uani mara moja, kuku wa jirani wakaruka ukuta, kisha ukamkabidhi Mama na kusema, "Dada, angalia lisiharibike. Na binti yako pia, asiharibike." Ukacheka, ukaondoka. Mama hakucheka. Aliyapokea maneno yote mawili kama amri moja, na tangu hapo gari na mimi tunatunzwa pamoja sebuleni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Gari linakaa juu ya kabati la vikombe vya wageni, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Haliguswi. Mimi nakaa kwenye kochi lililo chini yake. Sijafunikwa, ila Mama ameshaniuliza kama sketi niliyovaa ndiyo ndefu kuliko zote nilizo nazo.

2. Ulieleza kwamba gari hili halitaki mafuta ya kawaida, lina mafuta yake peke yake. Mama alikuelewa kwa namna yake. Alilinunulia kopo lake la mafuta ya kujipaka, yenye harufu ya parachichi, na kila Jumamosi hulipaka magurudumu yote manne mpaka yanameta. Ile chupa uliyoileta wewe, ya mafuta ya injini, ameifungia stoo kwa kuwa inanuka kama hospitali. Nilimwambia kwa adabu kwamba tairi lililopakwa mafuta huteleza. Akasema, "Liteleze liende wapi? Kwani linatoka?"

3. Kijitabu kilichokuja na gari kinasema injini mpya lazima izoezwe: iende polepole, ipumzike ipoe, iende tena, ndipo ipewe mwendo wake. Katika maelezo hayo yote Mama alisikia neno moja tu, "ipumzike". Inapumzika tangu Agosti. Kijitabu kinaonya pia kwamba mafuta yakiachwa ndani ya injini isiyowashwa huila polepole, mpaka siku moja igome kabisa. Yaani, Mjomba, kinachoharibu gari hili ni kulitunza. Mama nilimsomea ukurasa huo. Akasema wenye kiwanda wanataka tuliharibu ili tununue lingine.

4. Hakuna siku inayofaa. Siku za kazi barabara ina magari mengi, litakanyagwa. Jumamosi ya umuganda, mtaa mzima uko nje kwa kazi ya pamoja, na majembe na mafagio, na mimi nataka kucheza? Ikaja ile Jumapili ambayo barabara kubwa hufungwa ili watu wakimbie. Lami tupu, Mjomba, hakuna hata pikipiki. Nikaomba. Mama akasema, "Leo magari yamekatazwa." Nikamwambia hili ni dogo. "Lina magurudumu mangapi?" Manne. "Basi?" Jirani yetu Mukabalisa alikuwepo, akalitazama pale juu ya kabati na kuuliza kwa Kiswahili chake, "Na hii iko nakura nini?" Mama akamjibu, "Haili. Imefunga."

5. Kaka yangu Bruce. Yeye aliligonga gari la Baba, gari la kweli, kwenye nguzo karibu na Sonatubes. Taa ikatoka, boneti ikakunjamana kama shuka. Ninyi wakubwa mlikaa kikao, mkakubaliana kwamba mwanaume hujifunza kwa kugonga, na wiki iliyofuata akarudishiwa ufunguo. Nimekuwa nikijiuliza kama kuna watu waliotengenezwa kwa kitu kisichoharibika, na kama kitu hicho kinauzwa, na duka gani.

6. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nimepata nafasi kwenye chuo cha ufundi wa magari kule Huye, na kinafunguliwa mwezi ujao. Mama anasema Huye ni mbali, nitaharibika. Nilimwuliza nitaharibika sehemu gani. Gari huharibika plagi, au kichujio cha hewa, au gia. Kila sehemu ina jina lake na spea yake. Akasema, "Unajua ninachosema." Najua, Mjomba. Ndiyo maana sikuuliza mara ya pili.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na naamini hayapiti uwezo wako.

Kwanza, lichukue gari hili, uniletee lingine lililokwisha kuharibika. Lisiwe bovu kabisa. Bampa lipasuke, rangi ichubuke, basi. Gari la namna hiyo halina wa kulifunika kitambaa. Nitalitumia.

Pili, kwa cheo chako cha kaka mkubwa, njoo utangaze mbele ya Mama kwamba na mimi nimekwisha kuharibika. Kidogo tu, tuseme kwenye goti. Mkishakubali kwamba lile mnaloliogopa limeshatokea, nadhani sitazuiwa tena kupanda basi la Huye. Ikishindikana, basi nifumie na mimi kitambaa changu. Napenda rangi ya maziwa.

Msalimie mke wako, na mtoto Ihirwe, na mlinzi wenu wa getini, ambaye hunisikia hata nikibisha kwa kidole kimoja. Mama anakusalimu. Gari halina la kusema.

Mpwa wako mtiifu, na bado mzima kabisa,
Uwase

N.B. Mjomba, usilete gari bovu. Nilikuwa natafuta bahasha niliposikia mlio uani. Nilipotoka nimemkuta Bruce ameshavuta kamba ya injini, na rimoti iko mikononi mwa Mama. Anasema alitaka tu kuhakikisha kwamba mafuta hayajaila injini. Kwenye kona gari limeteleza (lile kopo la parachichi, Mjomba), limegonga tangi la maji, na bampa limepasuka katikati. Mama amelikimbilia, amelipindua, amelikagua tumbo, kisha ameniita kwa sauti iliyofika mpaka kwa Mukabalisa: "Uwase! Njoo uone! Limeharibika kidogo tu, bado linakwenda!"

Nimesimama mlangoni, nikamwuliza kuhusu Huye. Kwa sauti, Mjomba. Amesema nisimchanganye, kwanza amalize kona.

Hakusema nitaharibika.