Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Kusoma Tafiti za Uchumi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa leo ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Kuu ya Kutathmini Tafiti za Uchumi. Makamu, Naibu Makamu na Kaimu Naibu Makamu. Maprofesa, na wengine wote kwa itifaki yenu: hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Hatujambo, kwa uchovu.)

Wapo wanaodai kamati yangu hupima utafiti kwa jina la jarida bila kufungua hata ukurasa wa kwanza. Huo ni uzushi, kwani asilimia mia moja na nne ya tafiti tulizopokea tumezipima kwa mizani ya jikoni, kwa uwazi, mbele ya mashahidi. (Makofi ya safu ya mbele.)

Mtazameni dada yetu mhadhiri, yule pale mwenye kitambaa cha kijani, aliyeshinda sokoni na wauza nyanya akichunguza kwa nini bei hupanda hata mavuno yakiwa tele, akaja kuomba kupandishwa cheo, nasi kwa kuzingatia vigezo, indeksi na impakti ya jarida tukamnyima, maana mhakiki wa kwanza alisema kazi ni fupi mno, wa pili ni ndefu mno, na wa tatu aliisifu sana, ila ikabainika alikuwa amesoma ya mtu mwingine. (Kicheko.) Akanifuata ofisini machozi yakimlengalenga.

"Mzee, kosa langu nini?"

Nikamwambia kama baba, "Mwanangu, soko lako ni la hapahapa. Nani ng'ambo analijua? Tafuta la kimataifa."

Akafuta jina la soko letu, akaweka la ng'ambo, nyanya zilezile, bei zilezile, jarida kubwa likaichapisha kazi hiyo upesi, nasi tukampa uprofesa! (Vigelegele.)

(Sauti ya mhadhiri: "Mzee, soko hilo halipo duniani! Nililitunga kwa hasira!")

Asante, Profesa. Huo ndio ubunifu, yaani inovesheni. (Kelele. Mhadhiri aombwa kuketi, akataa.)

Kwa hiyo leo nazindua Kituo hiki, ambamo kila utafiti utasomwa na binadamu mwenye macho, tena akiwa macho. Utafiti! (Usomwe!) Usomwe na nani? (Wajumbe wanyoosheana vidole.)

Nawashukuru wasomaji wetu hamsini, ambao wangehudhuria kama wangeajiriwa. Namshukuru mhandisi wa paa la ukumbi huu, ambaye angejulikana kama angeteuliwa. Na ninyi nyote, ahsanteni kwa kuvumilia jua hili kali ndani ya ukumbi wetu mpya.